Mama anatumia warfarini, kaka yuko Muscat anataka kututumia dawa mpya. Nikubali?

Ntilie wa Mombo:

Habari za jioni, na shikamooni wote mnaostahili. Nimefunga genge mapema leo ili niandike hili, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Mama yangu ana miaka 56. Mwezi wa tatu, alfajiri, aliamka kuswali. Nikamsikia maneno yanamponyoka kama mtu mwenye pipi mdomoni. Nilipowasha taa nikakuta mdomo umevutwa kushoto, na birika la kutawadhia limemdondoka, mkono wa kulia hauna nguvu hata ya kuliokota. Kabla jua halijachomoza alikuwa amerudi sawa kabisa, ananigombeza kwa nini nimewaamsha majirani. Majirani wakasema ni upepo mbaya, mmoja akaja na mafuta ya kumpaka. Sikubishana nao, nikampandisha mama basi la kwanza.

Daktari alimshika tu kifundo cha mkono, kabla ya mashine yoyote, akasema: "Huu moyo haupangi foleni, kila pigo linakuja linavyotaka." Akapigwa ECG ya kusoma mapigo, akapigwa eko, ile picha ya moyo. Tukaelezwa kwamba chumba cha juu cha moyo kinatetemeka badala ya kukamua, damu inatuama humo, inaganda, na bonge likichomoka linaenda kuziba mshipa wa kichwani. Ile ya alfajiri ilikuwa salamu tu. Akaanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kidonge kimoja cha miligramu 5 kila jioni, na kipimo cha INR, cha kuangalia damu inachelewa kiasi gani kuganda, ambacho sisi lazima tukifuate Tanga.

Sasa hapa ndipo ninapochoka.

Nesi mmoja alimwambia apunguze mboga za majani. Mama akaziacha zote, hata mchicha hagusi. Huyu ni mtu ambaye bada, ugali wa muhogo, bila kisamvu kwake ni adhabu. Amekonda, na kila mlo ni ugali na maharage kwa kununa.

Halafu mwezi wa tano likamuuma jino. Nikaenda duka la dawa, nikauziwa Flagyl ya kuua vijidudu na diklofenaki ya maumivu. Nilisema mgonjwa ana dawa ya moyo, muuzaji hakuuliza ni ipi, nami sikutaja jina. Siku ya sita mswaki ukatoka mwekundu, na mapajani ana mavilio kama aliyechapwa fimbo. Tukakimbia Tanga, INR ikasoma 6.8 wakati inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Akasimamishwa warfarini siku mbili, akapewa vitamini K kidogo, akatulia. Mimi mpaka leo sijatulia.

Kaka yangu ni dereva Muscat. Rafiki yake wa kazini ana mzazi anayetumia rivaroksabani, dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, kwa ugonjwa huohuo wa mapigo: hapimi INR, hachagui mboga. Kaka yuko tayari kununua huko na kututumia kila mwezi.

Na juu ya yote, jirani yetu mwenye shule kidogo amemwambia mama kwamba warfarini ni sumu ya panya. Juzi nafua nguo, nikakuta pindo la kanga yake lina fundo. Nikadhani hela. Vidonge vinne.

Nimwambie kaka anunue?

Jembe la Mkono:

Pole dada. Damu nzito dawa yake ni kitunguu saumu na tangawizi, kikombe kimoja cha moto kabla ya kula kitu. Bibi yangu ana miaka 90 na hajawahi kumeza kidonge. Hizo sumu achana nazo.

Mstaafu wa Reli:

Jembe, kitunguu saumu kitie kwenye mchuzi, hapo sina ugomvi nawe. Bibi yako hana ugonjwa huu, ndiyo maana hajameza kidonge chake.

Mwanangu wa Mombo, marahaba. Mimi nipo Tanga mjini, nina miaka 74, na moyo wangu unakwenda kama behewa lenye gurudumu bovu tangu 2015. Waligundua kwa bahati, nilikwenda kupima presha, mashine ikawa inaandika kosa kila ikijaribu. Daktari akanihesabia pointi za hatari ya kiharusi kwa vidole mbele yangu. Presha, moja. Sukari, moja. Wakati huo nilikuwa sijafika 65, kwa hiyo umri hakunihesabia. Akasema ukishafika mbili kwa mwanamume, dawa ya kuzuia damu kuganda inapendekezwa. Sasa hivi umri nao umenipa yangu, na nikifika 75 utahesabiwa mara mbili. Mtu aliyewahi kupata kiharusi, au hata ile ya kupita kama ya mama yako, anapewa mbili papo hapo.

Nilikula warfarini miaka sita. Nina daftari la mistari, kila INR nimeiandika, na pembeni nimeandika nilichokula au kilichotokea. "2.2, msiba wa Handeni." "3.9, dawa za kifua." "1.6, nilisahau siku mbili, harusi." Ukilisoma hilo daftari utajua maisha yangu yote ya miaka hiyo, hata yale ambayo mke wangu hayajui.

Mwaka 2021 nikabadilishwa, sasa namezea rivaroksabani chakula cha jioni. Nimeambiwa tumbo likiwa tupu haiingii vizuri mwilini. Ni raha, sikatai. Lakini ina hila yake. Warfarini ukisahau kidonge kimoja, cha jana bado kinakulinda. Hii mpya, kesho yake huna kitu, na mwili hautoi ishara yoyote.

Ila usimpe mama yako dawa yangu kwa kuwa mimi napendeza nayo. Kabla ya kunibadilisha, daktari alipima figo, halafu akarudia eko kwa ajili ya kuangalia milango ya moyo. Nilimuuliza milango inahusikaje, akasema "wewe ingekuwa imebana ningekuacha palepale." Sikumwelewa na sikuuliza tena, maana nje kulikuwa na watu arobaini.

Mfamasia wa Zamu:

Mzee wa Reli amegusa penyewe. Dada, kabla sijajibu lolote: eko ilisema nini kuhusu milango ya moyo? Tafuta karatasi yenyewe, usiniambie mlichoelezwa kwa mdomo. Angalia kama kuna neno "mitral" na neno gani limeandikwa karibu yake. Na utotoni mama aliwahi kuumwa mafindofindo ya kujirudia, au viungo vinavimba, leo goti, kesho kiwiko?

Ntilie wa Mombo:

Nimeitoa chini ya godoro. Imeandikwa "mitral stenosis", halafu "severe", halafu 1.1 na alama ya sentimita za mraba. Chini kuna kwamba chumba cha kushoto cha juu kimepanuka.

Nimemuuliza mama. Amecheka. Anasema akiwa darasa la tatu huko Bumbuli alikaa nyumbani muhula mzima, magoti yamevimba, yakipona hayo vinaanza vifundo vya miguu. Bibi alikuwa anamkanda kwa majani. Hajawahi kulihesabu kuwa ni ugonjwa, alidhani ni baridi ya milimani tu.

Mfamasia wa Zamu:

Basi jibu la swali lako ni hapana, mwambie kaka asinunue. Sasa nieleze, na hapa mimi ndiye nitakayerefusha.

Baridi ya milimani haikuwa na kosa. Mafindofindo ya mtoto yasipotibiwa vizuri, kinga ya mwili inaweza kuchanganyikiwa ikaanza kupigana na viungo na moyo wake yenyewe. Magoti yanapona, mlango wa moyo unabaki na kovu, na kovu linakaza polepole miaka na miaka. Mlango wa mitrali wa mtu mzima huwa na upana wa sentimita za mraba 4 hadi 6. Wa mama umebaki 1.1, ndiyo maana ya "stenosis" na "severe": umebana, tena sana. Damu inajazana nyuma ya mlango uliobana, chumba kinatanuka kama puto, kikishatanuka kinaanza kutetemeka. Kwa hiyo mapigo ya mama na mapigo ya Mzee wa Reli yanaitwa jina moja lakini hayakutoka mlango mmoja. Ya Mzee huenda yametokana na presha na umri. Zile pointi alizohesabiwa kwa vidole hazimhusu mama hata kidogo, kwa sababu mwenye mlango uliobana kiasi hicho na mapigo ya aina hii anahitaji dawa bila kuhesabiwa.

Sasa dawa mpya. Majaribio makubwa yaliyozitambulisha rivaroksabani na wenzake yaliwaacha nje watu wenye mlango uliobana kama mama. Tukabaki tunabahatisha, mpaka ukafanyika utafiti uitwao INVICTUS, ulichapishwa 2022. Wagonjwa 4,531 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wote wana ugonjwa wa moyo uliotokana na ugonjwa huo wa utotoni pamoja na mapigo yasiyo na mpangilio. Wengi wao wanawake, wastani wa umri kama miaka 50. Yaani ni kama walimpima mama yako na mashoga zake. Nusu walipewa rivaroksabani, nusu dawa za jamii ya warfarini. Wengi, nikiwemo mimi, tulitarajia dawa mpya ishinde au angalau zitoshane nguvu. Waliopata kiharusi, bonge kwenye mishipa mingine, shambulio la moyo, au kufariki kwa moyo, mishipa au sababu zisizojulikana walikuwa 560 upande wa rivaroksabani na 446 upande wa pili. Vifo vilikuwa pungufu upande wa warfarini, na kuvuja damu hakukuzidi. Nchi zetu mara nyingi huletewa majibu ya watu wa mbali. Hili lilikuwa letu, na dawa ya zamani ndiyo iliyoshinda.

Kaka yako hakukosea kumpenda mama yake. Yule mzazi wa rafiki yake huenda milango yake ni mizima, kwake dawa hiyo inafaa.

Sumu ya panya: ni kweli, na usimfiche mama. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakivuja damu mpaka kufa, kumbe wamelishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Maabara ya Karl Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin ikaichambua ile kemikali, kisha ikatengeneza ndugu yake, warfarini, na jina hilo limetokana na WARF, herufi za taasisi iliyogharimia kazi hiyo. Mwaka 1948 ikauzwa kuua panya, 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na Rais Eisenhower alipopata shambulio la moyo 1955 alipewa hiyo hiyo. Mimi wagonjwa wangu huwaambia chumvi nayo ukimmwagia konokono anakufa, na bado tunaitia kwenye mboga. Panya hana wa kumpima INR.

Mboga sasa. Warfarini inafanya kazi kwa kuibania vitamini K, ambayo ini linaihitaji kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Ile vitamini K aliyopewa INR ilipofika 6.8 ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya kisamvu. Kwa hiyo kisamvu kinapunguza nguvu ya dawa, kweli. Lakini hatari ni kuyumba: wiki hii mboga kila siku, wiki ijayo hakuna, daktari anabaki anapima kivuli. Mama akila kisamvu mara tatu kwa wiki, sahani ileile, mwaka mzima, daktari atapanga kipimo cha dawa juu ya kisamvu hicho. Mrudishie polepole, mwambie daktari unamrudishia, na INR ipimwe baada ya wiki moja au mbili.

Kuhusu jino, ni mambo mawili yaligongana. Flagyl inalizuia ini kuivunja warfarini, kwa hiyo kidonge kimoja kinakuwa kama viwili. Diklofenaki inachubua tumbo na kuzipunguzia nguvu chembe za damu zinazoziba jeraha. Septrin ya kuua vijidudu na flukonazoli ya fangasi nazo zinapandisha kama Flagyl. Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, inafanya kinyume, inashusha mpaka kinga inapotea. Ukifika dukani usiseme "dawa ya moyo". Sema warfarini, na uweke pakiti juu ya meza. Nasi tuliosimama nyuma ya meza tunatakiwa kuuliza, hapo sitetei mtu. Maumivu mpe parasetamoli, asizidishe, na isiwe kila siku kwa wiki nzima bila daktari kujua.

Jembe, hata hiyo tangawizi na kitunguu saumu cha kikombe kwa mtu wa warfarini si maji. Kwenye mchuzi, sawa. Kikombe kila asubuhi, hapana.

Vile vidonge vya kwenye kanga msimfidishie kwa mkupuo. Endeleeni na cha leo jioni kama kawaida, na mkapime mapema. Akipata choo cheusi kama lami, akitapika damu, kichwa kikimuuma ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, au akianguka akagonga kichwa hata kama anasema hajambo, msisubiri asubuhi.

Na kuna swali ambalo hukuuliza. Mlango wa 1.1 wenyewe unafanyiwa nini? Baadhi hupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa pajani, bila kupasua kifua. Wengine mlango umeharibika mno au kuna bonge ndani, haiwezekani. Muulize daktari wa moyo waziwazi kama mama anafaa. Hata akipanuliwa, warfarini itaendelea maadamu mapigo ni hayo.

Kibuyu:

Naomba kuuliza kwa faragha ya jina bandia. Nina miaka 27, nina mlango kama wa huyo mama na natumia warfarini. Nimeolewa mwaka huu, tunataka mtoto. Mama mkwe anasema niache dawa kimyakimya.

Mfamasia wa Zamu:

Usiache kimyakimya mdogo wangu, na usishike mimba kimyakimya. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kuiacha kunaweza kukuletea wewe kiharusi. Katikati kuna njia, zipo sindano za kuzuia damu kuganda, za jamii ya heparini, ambazo hazivuki kwenda kwa mtoto, lakini anayepanga ni daktari wa moyo na wa uzazi kwa pamoja, KABLA ya mimba. Na mlango uliobana ujauzito huulemea zaidi, moyo unabeba damu nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo kuna uwezekano wakataka kushughulikia mlango kwanza. Hadi umuone, tumieni uzazi wa mpango. Mwende na mume wako, asikie mwenyewe, mama mkwe atasimuliwa na mwanawe.

Kibuyu:

Asante. Ana mapumziko Alhamisi, tutakwenda.

Ntilie wa Mombo:

Nimerudi baada ya wiki tatu. Mama nimemsomea yote, hadi ng'ombe wa Kanada. Akanyamaza, akasema, "Kwa hiyo Rais wa Wamarekani alimeza sumu ya panya?" Nikasema ndiyo. Akasema basi na yeye atameza. Sasa anamwambia kila anayekuja genge.

Kisamvu amerudishiwa, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. INR ya kwanza 1.7, ile ya vidonge vya kwenye kanga. Daktari akaongeza nusu kidonge siku mbili za wiki. Ya juzi 2.4. Nimenunua daftari, Mzee wa Reli, mstari wa kwanza nimeandika "kisamvu". Habari ya puto wametupangia rufaa Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wakamuangalie kama anafaa. Kaka nimemwambia hela ya dawa aigeuze nauli, kidogo alinuna, kisha akatuma ya watu wawili na ya kulala.

Limebaki moja. Mama ana deni la funga, siku kumi na mbili za Ramadhani iliyopita, na anataka kulipa. Daktari kasema moyo kwa sasa unaruhusu, afunge siku moja moja na si mfululizo. Kidonge chake ni saa mbili usiku. Kuna tatizo?

Mstaafu wa Reli:

Hakuna, kama daktari amekubali. Mimi miaka yote sita nilimeza baada ya futari. Ila futari ya kwenu milimani naijua, mwambie kisamvu kibaki kilekile cha siku tatu, asikiongeze kwa kuwa kashinda na njaa. Na uandike daftarini siku alizofunga.

Ntilie wa Mombo:

Nimeshaandika. Kaanza leo.